Paul Allen: hisa za Microsoft, timu mbili na sensa ya tembo. Hesabu zilikaaje?

Mchungulia

Habari wakuu,

Naomba wanaojua wanipangie jambo hili, maana nimelisoma vipande vipande na havishikani. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates, aliondoka kazini 1983, kampuni ikiwa haijafika hata soko la hisa. Mwaka 1988 akainunua Portland Trail Blazers (mpira wa kikapu) kwa dola milioni 70. Mwaka 1997 akaongeza Seattle Seahawks, ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, kwa dola milioni 194 hivi. Alifariki Oktoba 15, 2018, na miaka saba baadaye mirathi ilikuwa bado inashughulikiwa.

Maswali yangu:

1. Mtu aliyeacha kazi 1983 alitoa wapi pesa za kununua timu 1988?
2. Uwanja wa Portland ulifilisikaje wakati mwenyewe alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani?
3. Kama mali ilikusudiwa kwenda kwenye hisani, kwa nini timu ziuzwe? Si wangeiachia taasisi ya hisani izimiliki, ile faida ya kila mwaka?
4. Sensa ya tembo ya 2014 aliyoigharamia: ile takwimu ya Tanzania kupoteza asilimia 60 ya tembo ilipatikanaje hasa? Walihesabu mmoja mmoja?

Nataka hesabu, wasifu wa kumpamba ninao wa kutosha.

Daftari

Mkuu Mchungulia, kinachokuchanganya kwenye swali la kwanza ni hilo neno "aliondoka". Aliacha kiti, hisa hakuziacha.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilitoka na Altair 8800 kwenye jalada, kompyuta ya kujiundia mwenyewe kutoka kampuni ya MITS ya Albuquerque. Allen alikuwa anafanya kazi Honeywell, Boston, na Gates alikuwa Harvard. Waliwaambia MITS wana BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya mashine hiyo, na hawakuwa nayo. Hata Altair yenyewe hawakuwa nayo. Allen aliandika programu ndani ya PDP-10, kompyuta kubwa ya Harvard, iliyoigiza prosesa ya Intel 8080, Gates akaandika sehemu kubwa ya BASIC juu ya huo mwigo, na mwanafunzi mwingine, Monte Davidoff, akashughulikia hesabu za namba zenye desimali. Toleo dogo kabisa lilitakiwa litoshe kwenye kilobaiti 4.

Ndege ikiwa inakaribia Albuquerque, Allen akashtuka kwamba hawakuandika kipakizi, yaani zile amri chache za kuielekeza mashine isome utepe wa karatasi wenye matundu. Aliiandika kwa mkono kabla ya kutua. Kesho yake akaiingiza kwa swichi za mbele, utepe ukasomwa, akachapa PRINT 2+2 na teletaipu (mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta) ikajibu 4. Microsoft ilizaliwa Aprili 4 mwaka huohuo.

Sasa mgawanyo. Allen alidhani ni nusu kwa nusu. Gates akadai 60 kwa 40, baadaye ikawa 64 kwa 36. Allen alikubali mara zote mbili, na wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi siwaelewi, maana 36 ya kitu kile ilitosha na kusaza.

Kilichoikuza ile 36 ni mkataba wa IBM. Microsoft haikuwa na mfumo endeshi, ikautafuta kwa Seattle Computer Products, ulioandikwa na Tim Paterson. Julai 1981 ikanunua haki zote kwa dola 50,000, na Allen ndiye aliyesimamia ununuzi huo. IBM ilipata leseni ya kuutumia, lakini Microsoft ilibaki na ruhusa ya kuwauzia watengenezaji wengine. Kila kompyuta ya kuiga ya IBM iliyotoka baada ya hapo ililipa.

Mwaka 1982 Allen akagundulika na ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi, na mwanzoni mwa 1983 akaacha kazi. Gates alitaka kuzinunua hisa zake kwa dola 5 kila moja. Allen akasema chini ya 10 hauzi. Hawakuelewana, zikabaki kwake. Machi 13, 1986 kampuni iliingia sokoni kwa dola 21 kwa hisa na siku ikafungwa kwenye 28 hivi. Allen alikuwa na hisa zaidi ya milioni 6, takriban robo ya kampuni. Zidisha kwa 21 tu, unapita dola milioni 120. Septemba 1987 kila hisa moja ikagawanywa kuwa mbili na bei ikaendelea kupanda. Kwa hiyo ile milioni 70 ya 1988 haikuwa mshahara wala akiba ya benki, ilitoka kwenye karatasi aliyokataa kuiuza kwa dola 5.

Hisa za Microsoft zimegawanywa mara tisa, ya mwisho 2003. Hisa 1 ya 1986 ni hisa 288 leo. Kwa hesabu ya leo, bei ya siku ile ni kama senti 7.

Kibuyu

Daftari ameeleza vizuri, niongeze la upande wa pili ili mtu asidhani kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Mwaka 1998 aliingia kwenye Charter Communications, kampuni ya televisheni za kebo. Ilijinunulia kampuni ndogo ndogo kwa madeni mpaka deni likapita dola bilioni 20, na Machi 2009 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Hasara yake Allen hutajwa kuwa karibu dola bilioni 8. Timu zote mbili alizonunua hazifiki hata bilioni 0.3 kwa bei za kununulia. Huyu mtu michezoni alikuwa mwangalifu kuliko kwenye nyaya.

Swali la tembo nitalijibu, nipeni muda nipange namba.

Fundi_Mizani

Swali la pili. Hapa watu wengi huchanganya vitu vitatu: mtu, timu na uwanja. Ni mifuko mitatu tofauti kisheria.

Uwanja wa Rose Garden (tangu 2013 unaitwa Moda Center) ulifunguliwa 1995 kwa gharama ya dola milioni 262. Jiji la Portland lilichangia sehemu ndogo, Allen akaweka sehemu, na kiasi kikubwa zaidi, dola milioni 155, kilikuwa mkopo kutoka kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Mkopaji alikuwa Oregon Arena Corporation, kampuni ya uwanja, na riba ilikuwa karibu asilimia 9.

Piga hesabu: asilimia 9 ya milioni 155 ni kama milioni 14 kwa mwaka, riba peke yake. Riba za soko ziliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkopo wa asilimia 6 ungekula milioni 9.3. Tofauti ni zaidi ya milioni 4.5 kila mwaka inayotoka bila kazi. Upande wa Allen wakaomba masharti yalegezwe, wakopeshaji wakakataa. Ukiwa umeshika karatasi ya asilimia 9 wakati wenzako wanapata 5 au 6, ulegeze kwa faida ya nani?

Februari 2004 kampuni ya uwanja ikaomba ulinzi wa mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya kufilisika ya Marekani. Mkopaji ni kampuni, hivyo wakopeshaji hawakuwa na njia ya kumfuata Allen kwenye hisa zake za Microsoft. Walichopata ni uwanja. Yeye akabaki na timu.

Ujanja mtupu kwenye karatasi. Halafu likaja lile ambalo halikupigiwa hesabu vizuri. Timu ya kikapu ina mapato ya aina mbili. Ya kwanza ni ya timu yenyewe: tiketi, mgao wa televisheni kutoka ligi, jezi. Ya pili ni ya jengo: vyumba vya VIP vinavyokodishwa kwa msimu, vyakula na vinywaji, maegesho, mabango, jina la uwanja. Gharama kubwa kuliko zote, mishahara ya wachezaji, iko upande wa timu. Uwanja ulipoenda kwa wakopeshaji, timu ikabaki na mishahara yote, na yale mapato ya jengo ikawa inayatazama tu. Mwaka 2006 Allen akatangaza kuuza timu, wanunuzi wakaona shimo lilelile, na kabla mwaka haujaisha akaghairi. Mwaka 2007 akaununua tena uwanja kutoka kwa haohao wakopeshaji.

Kwa hiyo mkuu, jibu fupi: hakuishiwa. Alikataa kuilipia kampuni yake moja kwa pesa za mfuko mwingine, na miaka mitatu baadaye akalipa ili kuunganisha tena kile alichokitenganisha. Ukitaka kuijua afya ya timu yoyote ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, usianze na wachezaji. Uliza kwanza nani anachukua pesa ya maegesho.

(Na kwa bahati yao, 2007 hiyohiyo wakapata nafasi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, wakamchukua Greg Oden na kumwacha Kevin Durant. Oden akapasuliwa goti kabla hata msimu haujaanza. Hilo halina hesabu.)

Pwani_Mchana

Wakuu, Seahawks msiipite juu juu, maana ule ununuzi ulikuwa na masharti ya kisiasa na ndio unaofundisha zaidi.

Mmiliki wa wakati ule, Ken Behring, alianza kuihamishia timu California mwanzoni mwa 1996, mpaka ligi ikamzuia. Allen hakununua moja kwa moja. Alilipia kwanza haki ya kununua yenye muda maalumu, kisha akasema: nitaitumia haki hii kama umma utachangia uwanja mpya, maana Kingdome, uwanja wao wa wakati ule, lilikuwa jengo la zege lililochoka. Jimbo la Washington likapiga kura ya maoni namba 48 Juni 17, 1997. Ilipita kwa asilimia 51 na kitu. Kama watu elfu ishirini hivi kati ya milioni moja na laki sita waliopiga kura wangegeuka upande wa pili, timu ingekuwa ya mtu mwingine, labda mji mwingine.

Bajeti ilikuwa dola milioni 430. Umma ulifungwa kwenye 300, usizidi. Zilizobaki, pamoja na gharama zozote zitakazovuka bajeti, zilikuwa za upande wa Allen. Hicho kipengele cha kuvuka bajeti ndicho cha kukitazama kwenye mikataba ya namna hii, kwa sababu viwanja karibu vyote huvuka. Ile 300 ilikusanywa kwa bahati nasibu maalumu, kodi za tiketi na maegesho, sehemu ya kodi ya mauzo, na kodi ya vyumba vya hoteli katika wilaya ya King, ambayo ni ya Seattle.

Uwanja ni mali ya umma, chini ya mamlaka ya jimbo. Timu ni mpangaji wa muda mrefu. Kingdome likalipuliwa Machi 26, 2000 na uwanja mpya ukafunguliwa 2002. Sasa unaitwa Lumen Field. Timu ikatwaa Super Bowl, fainali ya ligi yao, Februari 2014 kwa kuichapa Denver 43 kwa 8.

Kipengele kingine kitakusaidia kwenye swali la 3: timu ikiuzwa kabla ya Mei 2024, asilimia 10 ya bei nzima ya mauzo ingeingia serikalini. Si asilimia 10 ya faida, ya bei nzima. Kwa timu ya mabilioni hiyo ni mamia ya mamilioni. Sasa jiulize kwa nini hapakuwa na haraka ya kuuza kati ya 2018 na 2024.

Mchungulia

Asante sana Pwani_Mchana. Ila nimewahi kusoma kwamba gharama za kuendesha ile kura ya maoni alizilipa Allen mwenyewe. Hilo si rushwa? Mtu anailipia serikali iandae kura ya kumnufaisha yeye?

Pwani_Mchana

Alilipa kweli, dola milioni 4 hivi, kwa sababu ilikuwa kura maalumu nje ya ratiba ya kawaida na bunge la jimbo liliandika kwenye sheria yenyewe kwamba kampuni yake irejeshe gharama. Wananchi walikwenda mahakamani kwa hoja hiyohiyo yako. Mahakama ya juu ya jimbo ikaamua 1998 (shauri la Brower) kwamba halikuvunja katiba: tarehe iliwekwa na bunge na kura ilihesabiwa na vyombo vya serikali. Kisheria limekwisha. Kuwa lilipendeza ni jambo lingine, na mimi naona halikupendeza.

Njia hiyo ya sanduku la kura aliirudia 2015 kwa jambo la tofauti kabisa: pendekezo namba 1401 la kupiga marufuku jimboni humo biashara ya bidhaa za wanyama walio hatarini, pembe za ndovu zikiwamo. Aligharamia kampeni, likapita kwa takriban asilimia 70.

Nyuki_wa_Mkuyu

Swali la 3 ni la sheria ya kodi ya Marekani, na jibu lake wengi hawalipendi kwa sababu halina hisia.

Wakfu binafsi wa hisani kule unabanwa na sheria ya 1969. Kanuni moja inasema wakfu pamoja na watu wake wa karibu, yaani mtoaji, familia na wasimamizi, wasishike zaidi ya asilimia 20 ya biashara moja. Wakirithishwa zaidi ya hapo, wana miaka mitano ya kupunguza, na wanaweza kuomba mitano mingine. Wakizembea, kodi ya adhabu. Lengo lilikuwa kuzuia matajiri kuficha kampuni zao ndani ya hisani huku familia ikiendelea kuzitawala. Kwa hiyo "taasisi iimiliki timu ile faida" imefungwa mlango wa kwanza.

Mlango wa pili ni ligi zenyewe. NFL, ligi ya Seahawks, inataka awepo mtu mmoja anayeonekana, mwenye sauti ya mwisho na walau asilimia 30 ya umiliki (familia inaweza kusaidiana kuifikisha). Hairuhusu timu kumilikiwa na shirika la hisani. Green Bay Packers, inayomilikiwa na mashabiki, iliachwa kwa sababu ilikuwepo kabla ya katazo.

Mlango wa tatu: timu haitoi gawio la kueleweka. Wakfu unatakiwa kutoa takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake kila mwaka. Timu ya dola bilioni 4 ingeudai wakfu utoe milioni 200 kwa mwaka. Timu ya kikapu haikutemei milioni 200 za kugawa, msimu mwingine inataka uiongezee.

Ndiyo maana utaratibu ni huu: mali inabaki kwenye mirathi na amana aliyoiacha, chini ya dada yake, Jody Allen, aliye msimamizi na mdhamini. Saa ya miaka mitano haianzi mpaka mali ihamie kwenye wakfu, hivyo msimamizi anaweza kungoja bei. Mali inageuzwa fedha kidogo kidogo. Michoro yake iliuzwa kwenye mnada wa Christie's New York Novemba 2022: jumla ilipita dola bilioni 1.6, na mchoro mmoja mdogo wa Seurat peke yake ulikwenda kwa milioni 149. Fedha zote zikaelekezwa kwenye hisani.

Na kungoja kulilipa. Mwaka 2022 Phil Knight wa Nike na mwenzake waliweka mezani zaidi ya bilioni 2 kwa Blazers, wakaambiwa haiuzwi. Jody Allen alisema mirathi ya ukubwa huo yaweza kuchukua miaka 10 hadi 20. Julai 2024 NBA ikasaini mikataba mipya ya televisheni ya dola bilioni 76 kwa miaka 11. Mei 2025 timu ikatangazwa rasmi kuuzwa, na mwaka huohuo kundi la Tom Dundon likakubaliana na wasimamizi kwa thamani iliyoripotiwa kupita bilioni 4. Mara mbili ya ile ya Knight, ndani ya miaka mitatu.

Kibuyu

Nimerudi na tembo. Hapa ndugu zetu wengi hupotosha, kwa hiyo niende taratibu.

Sensa Kuu ya Tembo iligharamiwa na Allen kwa takriban dola milioni 7 na kuongozwa na Mike Chase wa Elephants Without Borders, Botswana. Ndege ziliruka zaidi 2014 na 2015, matokeo yakatolewa Agosti 31, 2016: nchi 18, makadirio ya tembo 352,271 wa savana, na upungufu wa asilimia 30 kati ya 2007 na 2014 katika nchi 15 zilizokuwa na takwimu za kulinganisha. Tanzania kazi ilikuwa ya TAWIRI, taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori. Allen alilipia na kudai vipimo viwe vya namna moja kila nchi. Hilo la pili lina thamani kuliko la kwanza, maana kabla yake kila nchi ilihesabu mwaka wake na kwa mtindo wake, ukijumlisha unapata uji.

Walihesabu mmoja mmoja? Maeneo machache ndiyo. Mengi ni kwa sampuli, hivi:

Ndege ndogo ya injini moja inaruka kwa mistari iliyonyooka na kulingana, futi 300 hivi juu ya ardhi. Ndani wako rubani, mwandishi mbele, na wahesabuji wawili nyuma, mmoja kila dirisha. Kwenye mhimili wa bawa zimefungwa fito mbili. Mhesabuji akitazama, fito zinakata ukanda ardhini, tuseme mita 150 kila upande. Tembo aliye kati ya fito anahesabiwa. Aliye nje haandikwi, hata awe mkubwa kama nyumba na unamwona macho makavu. Kundi kubwa linapigwa picha, likahesabiwe upya mezani.

Hapo kosa la kwanza linapoingia ni urefu wa ndege. Upana wa ukanda unakwenda sawasawa na urefu: rubani akipanda kutoka futi 300 hadi 330, ukanda wa mita 150 unakuwa 165. Umeongeza eneo kwa asilimia 10 bila kujua, na makadirio yanavimba. Ndiyo maana kipimo cha urefu kinasomwa na kuandikwa njia nzima, na upana unasahihishwa baadaye.

Kosa la pili ni uchovu na miti. Saa ya tatu angani jicho linalegea, na tembo chini ya mti wa kivuli mchana haonekani. Wanaruka asubuhi kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo ni kuzidisha. Mfano wa kujifunzia tu: umepita asilimia 10 ya eneo na kuona tembo 60, makadirio ni 600. Lakini tembo hawakusambaa kama mchele kwenye ungo, wanakaa makundi. Mstari mmoja ukikuta kundi la 40 na mwingine ukikuta sifuri, ule ukingo wa "kuongeza au kupunguza" unakuwa mpana sana. Anayekutajia idadi ya tembo bila ukingo wake amekupa nusu ya jibu.

Sasa Tanzania: 2009 makadirio 109,051, na 2014 yakawa 43,330. Gawanya, imebaki asilimia 40, imepotea 60. Mfumo wa Selous na Mikumi ulikuwa umeonyesha dalili mapema: 38,975 mwaka 2009, 13,084 mwaka 2013.

Kilichozua mabishano ni Ruaha na Rungwa. Hesabu ya 2013 ilitoa 20,090, ya 2014 ikatoa 8,272, na 2015 ilipohesabiwa upya ikatoa 15,836. Tembo anabeba mimba miezi 22, hawezi kuzaana hivyo kwa mwaka. Ni ukingo wa makadirio na wanyama kuhama. Wapo waliotumia hilo kusema sensa nzima ni uongo. Hapana. Jibu lao liko kwenye mizoga.

Wahesabuji wanaandika pia mizoga, kwa umri: mibichi ile yenye ngozi na doa la uoevu ardhini, na mikuukuu ya mifupa myeupe. Unachukua mizoga, unagawa kwa jumla ya mizoga na walio hai. Ikivuka asilimia 8 au karibu na hapo, kwa kawaida vifo vimeshawazidi wanaozaliwa. Wastani wa sensa nzima ulikuwa kama 12. Mizoga haihami kwenda hifadhi ya jirani, na ndiyo iliyowaumbua wale waliosema tembo "wamehamia Msumbiji".

Kutoka kazi hiyo kampuni yake ikatengeneza mfumo wa ramani, sasa unaitwa EarthRanger, unaokusanya kola za wanyama, redio za askari, magari na ripoti za doria kwenye skrini moja. Hifadhi ya Lewa kule Kenya walikuwa miongoni mwa wa kwanza, na Grumeti upande wa Serengeti wanautumia. Leo uko chini ya Ai2, taasisi ya akili mnemba aliyoianzisha Allen Seattle, na hifadhi hazilipii.

Daftari

Kibuyu heshima yako mkuu. Niongezee kwenye orodha ya hisani: taasisi ya utafiti wa ubongo ya 2003, aliyoianza na dola milioni 100, ikakamilisha ramani ya jeni katika ubongo wa panya 2006 na kuiweka wazi bure. Na 2014 aliahidi dola milioni 100 dhidi ya Ebola Afrika Magharibi. Sehemu ilikwenda kwenye makontena ya kuwabeba wagonjwa ndani ya ndege, kwa sababu vifaa vilivyokuwepo vilibeba mgonjwa mmoja mmoja, na daktari anayejua hana njia ya kurudishwa kwao akiugua haendi.

Mchungulia

Wakuu nimeshiba. La mwisho kabisa: milioni 70 ya 1988 hadi bilioni 4 ya 2025, kwa kiwango cha mwaka ni asilimia ngapi? Nikipiga naona mara 57 nashindwa kuendelea.

Fundi_Mizani

Mara 57 kwa miaka 37 ni kama asilimia 11.5 kwa mwaka, kukua juu ya kukua. Lakini hiyo ni kabla hujatoa alichokuwa anakiongezea timu misimu ya hasara, wala pesa ya kuununua uwanja mara ya pili. Ukivitoa inashuka.

Na kwa kulinganisha, hisa moja ya Microsoft ya dola 21, zile 288 za Daftari, kwa bei ya dola 500 iliyofikiwa 2025 ni dola 144,000. Mara 6,800 na ushei.

Kibuyu

Ila hisa huwezi kwenda kuikalia mstari wa mbele na kuipigia kelele refa.

Fundi_Mizani

Hapo sina hesabu mkuu.